Usianzie 1 Mlalo

Fumbo la maneno la siku ya kazi kwenye New York Times lina visanduku 225, kumi na tano kwa kumi na tano, na majibu yasiyozidi 78. Ukilichukua kama mtihani wa maswali 78 litakuchosha kabla chai haijapoa, hasa kama Kiingereza ulikikuta shuleni. Lakini fumbo lenye mada si mtihani. Ni mzaha mmoja uliogawanywa katika majibu marefu matatu, manne au matano, na hayo mengine sabini na kitu yapo ili kuushikilia. Aliyeugundua mzaha huandika jibu la herufi kumi na moja akiwa na herufi tatu tu mkononi. Asiyeugundua hugombana na kila kisanduku.

Ndiyo maana fumbo la aina hii humfaa mgeni wa lugha kuliko watu wanavyodhani. Majina ya waigizaji na timu za besiboli yatakushinda, hilo halina ubishi. Mada haihitaji ukaazi wa Chicago. Inahitaji jicho la kuona maneno yanavyofanana, na mtu aliyelelewa na vitendawili jicho hilo analo.

Jedwali kwanza, vidokezo baadaye

Kabla hujasoma kidokezo hata kimoja, tazama jedwali lilivyokaa. Geuza gazeti juu chini: visanduku vyeusi vitaonekana palepale vilipokuwa. Kwa ulinganifu huo, jibu refu la juu lina pacha wake chini mwenye idadi ileile ya herufi, na mtungaji hupanga majibu ya mada kwa jozi hizo. Mstari wa nne kutoka juu ukiwa na jibu la mlalo la visanduku kumi na moja, mstari wa kumi na mbili utakuwa nalo lingine la kumi na moja, na kwa kawaida yote mawili ni ya mada. Likiwepo jingine refu katika mstari wa nane, ule wa katikati kabisa, nalo huwa la mada. Yatie alama pembeni kwa penseli. Hapo hujajibu chochote, lakini tayari unajua moyo wa fumbo ulipo.

Kwa kawaida 1 Mlalo, yaani jibu la kwanza kabisa juu kushoto, si jibu la mada. Ni neno la herufi nne au tano la kujazia kona, na mara nyingi ndilo lililomsumbua mtungaji, kwa hiyo litakusumbua na wewe. Watu hulianzia kwa sababu lina namba moja, na sababu nyingine hakuna.

Kanuni nyingine za jedwali ni chache. Hakuna jibu la herufi mbili. Jedwali halikatiki vipande. Visanduku vyeusi ni takriban moja ya sita ya vyote. Na kila kisanduku cheupe kimo ndani ya majibu mawili, moja la mlalo na moja la wima. Aliyezikaza kanuni hizi ni Margaret Farrar, mhariri wa kwanza wa mafumbo wa New York Times, gazeti lililoanza na fumbo la Jumapili tarehe 15 Februari 1942 na kuongeza la kila siku kuanzia 11 Septemba 1950. Mwaka 1924 gazeti hilohilo lilikuwa limeyaandika mafumbo kama aina ya wazimu, kwa hiyo limekula maneno yake kwa muda mrefu sasa. Mchezo wenyewe una umri mkubwa zaidi. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, aliuchapa kwenye New York World tarehe 21 Desemba 1913, ukiwa na umbo la almasi na bila mada.

Hiyo kanuni ya kisanduku kimoja kuwa ndani ya majibu mawili ndiyo rafiki mkubwa wa mgeni. Kwenye jedwali la mtindo wa Uingereza, karibu nusu ya herufi za jibu hazipitiwi na jibu lingine. Usipolijua neno, umekwama nalo. Kwenye jedwali la Kimarekani kila herufi ina mashahidi wawili. Hujui mchezaji wa besiboli wa zamani mwenye jina la herufi tatu? Huna haja ya kumjua. Jibu wima tatu zinazompitia, na OTT atajiandika mwenyewe bila wewe kujua hata alichezea timu gani.

Siku ya wiki nayo ni kidokezo. Jumatatu ndiyo nyepesi, na ugumu hupanda hadi Jumamosi. Jumatatu hadi Alhamisi kuna mada, Ijumaa na Jumamosi kwa kawaida hakuna. Jumapili ni kubwa, 21 kwa 21, na ugumu wake unakaribia wa Jumatano au Alhamisi. Kinachochosha ni ukubwa. Fumbo la Jumapili lina kichwa cha habari, na kichwa hicho ni nusu ya jibu la mada. Wall Street Journal huweka kichwa hata siku za kazi, na kwa anayejifunza hiyo ni zawadi. Mwezi wa kwanza fanya Jumatatu na Jumanne tu. Anayerukia Alhamisi kwa sababu Jumatatu ilimchukua nusu saa atajifunza kukata tamaa, si kufumbua.

Kidokezo kina sarufi yake

Kidokezo na jibu lazima viweze kukaa mahali pamoja katika sentensi. Kidokezo cha wingi, jibu la wingi. Kitenzi cha wakati uliopita, jibu la wakati uliopita. Kidokezo chenye ufupisho, jibu nalo ni ufupisho. Neno lililomo ndani ya kidokezo halitakuwamo ndani ya jibu. Haya yanakupa herufi bila kujua jibu lenyewe: wingi unaweza kuutilia S nyepesi kwenye kisanduku cha mwisho, na wakati uliopita ukautilia ED. Nasema nyepesi, kwa kuwa wingi wa Kiingereza una CHILDREN na MEN, na wakati uliopita una RAN na WENT, na mtungaji wa Jumatano anafurahi sana ukizisahau.

Alama ya kuuliza mwishoni mwa kidokezo haiulizi chochote. Inakuonya kwamba maneno yanachezewa. Kidokezo kilicho ndani ya alama za kunukuu kinataka usemi wa maana hiyohiyo jinsi mtu angeutamka, si maelezo yake. Kilicho ndani ya mabano ya mraba kinataka sauti au ishara: mtu ameshtuka, jibu ni GASP. Kidokezo kikitaja mji au jina la nje, mara nyingi jibu limo katika lugha ya huko. Rafiki wa Paris ni AMI, maji ya Madrid ni AGUA.

Mtego maarufu kuliko yote unatokana na herufi kubwa. Neno la kwanza la kidokezo huanza na herufi kubwa daima, basi hapo ndipo jina la mahali hujificha. Soma "Nice summer". Macho yanaona majira mazuri ya joto, unaanza kutafuta sifa. Jibu ni ETE, neno la Kifaransa, kwa kuwa Nice ni mji ulio pwani ya kusini mwa Ufaransa. Neno "Polish" mwanzoni mwa kidokezo ni vivyo hivyo: huenda ni rangi ya kucha, huenda ni watu wa Poland.

Kitu kingine kinachomsumbua aliyezoea mafumbo ya Kiingereza cha Uingereza ni kwamba hapa huambiwi jibu lina maneno mangapi. Unaona visanduku sita vimejaa ATEASE, unafikiri umekosea, kumbe ni maneno mawili, AT EASE. Ukiona mfuatano wa ajabu wenye IT, TO, IN au ON mwishoni, usifute kwanza. Ukate vipande.

Na tahajia. Shule zetu zilitufundisha COLOUR, TYRE na GREY. Jedwali linataka COLOR, TIRE na GRAY. Kinyume chake, kidokezo kikitaja London au Waingereza, ghafla unarudi nyumbani: LIFT, LORRY, LOO. Mmarekani hukuna kichwa hapo, wewe unajaza na kuendelea.

Mzunguko wa kwanza ni wa kuokota vilivyo rahisi: sentensi zenye pengo, vifupisho, na maneno ya herufi tatu hadi tano yanayopita katika yale majibu marefu uliyoyatia alama. Usizunguke jedwali zima. Anza na wima zinazolikata jibu refu la juu, kwa sababu kila wima utakayoijibu inakupa herufi ya mada. Kona unaweza kuziacha tupu kabisa bila hasara.

Kuutafuta mzaha

Tuchukue mada ndogo iliyotungwa kwa ajili ya makala haya. Majibu matatu yenye nyota: visanduku nane juu, tisa katikati, nane chini. Pembeni chini kulia kuna neno la herufi tano ambalo kidokezo chake kinasema kwamba linaweza kufuata neno la kwanza la kila jibu lenye nyota. Neno la namna hiyo ndilo ufunguo wa mada, na mtungaji hupenda kuliweka mwishoni mwa jedwali ili ulikute umechelewa. Nenda kalisome mapema. Hakuna sheria inayokukataza.

La juu linaelezwa kama kitu kinachokusimamisha njiani utafute jeki. Unaandika FLATTYRE, herufi nane, zimetosha. Tatizo ni kwamba FLATTIRE nayo ina herufi nane, na tofauti ni kisanduku cha sita peke yake. Wima inayopita hapo inakataa Y. Hapo mgeni hufuta wima, kwa kuwa anajiamini kwenye gari kuliko kwenye neno la herufi nne asilolijua. Kosa ni lake. Jibu lenye tahajia mbili haliwezi kuwa shahidi dhidi ya jirani yake.

La katikati ni kinywaji chenye gesi. Aliyezoea Stoney atawaza GINGERBEER, lakini hiyo ni herufi kumi na nafasi ni tisa. GINGERALE inatosha.

Sasa simama, usijaze kingine. Una FLAT na una GINGER. Ni neno gani la herufi tano linaloweza kuvifuata vyote viwili? BREAD. FLATBREAD, mkate usioumuka kama chapati. GINGERBREAD, keki ya tangawizi. Umepata ufunguo bila kuvuka herufi yoyote ya kona ile.

Kilichobaki ni jibu la chini, herufi nane, na kidokezo chake ni burudani ya Wamarekani wakati wa mavuno ambayo huku hatuijui: shamba la mahindi lililokatwa vichochoro ili watu wapotelee humo. Bila mada, ungeliacha. Ukiwa na mada unajua jibu linaanza na neno linalotangulia BREAD. SHORT, SWEET, CORN, chache sana baada ya hapo. Wima ya kwanza imekupa C. Andika CORN, herufi nne za bure, na zilizobaki nne zinaletwa na wima: M, A, Z, E. Umeandika CORNMAZE bila kuwahi kuliona shamba lenyewe.

Hivyo ndivyo mada inavyofanya kazi, na ndiyo sababu ya kusimama baada ya majibu mawili badala ya kusubiri yote. Unapokuwa nayo mawili, yaulize kwa mpangilio. Maneno ya kwanza yana undugu? Ya mwisho? Kuna herufi iliyoongezwa, iliyoondolewa au iliyobadilishwa? Kuna neno lililojificha katikati, likivuka mpaka wa maneno mawili?

Hilo la mwisho mara nyingi huja na visanduku vyenye duara, na duara hizo ni za kukusaidia. ANIMAL INSTINCT imebeba MALI ndani yake. MUCH ADO imebeba CHAD. BROKEN YARDSTICK imebeba KENYA, na kwa bahati ina herufi kumi na tano kamili, inatandaza mstari mzima. Lakini mhariri mzuri angeikataa. Rula iliyovunjika si usemi ambao watu wanao. Ni maneno mawili yaliyofungwa kamba. Wenyewe huita jibu la aina hiyo "rangi ya kijani": inaeleweka, lakini si kitu kilichosimama peke yake. Kwa mfumbuaji hili ni chujio zuri. Ukijikuta unaandika jibu refu ambalo hakuna anayelisema, ama mada imeligeuza, ama umekosea.

Mada inapoligeuza, vidokezo vyote vya mada huwa na alama ya kuuliza na majibu huwa upuuzi wenye mantiki. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi. Kidokezo: Embe lenye mistari? Jibu: TUNDA MILIA. Kidokezo kingine: Dawa ya maumivu kwa mkubwa wa msituni? TEMBE ZA NDOVU. Punda na pembe zimepoteza P na kupata T. Ukishaliona hilo mara mbili, la tatu unalitafuta kwa kuorodhesha semi zenye P mwanzoni, na kidokezo kinabaki cha kuthibitisha tu. Mada lazima ifuate kanuni moja tangu mwanzo hadi mwisho. P iwe T kila mahali, tena mwanzoni kila mahali. Ukiona jibu la tatu limegeuza K kuwa M, usiseme mtungaji amelegea. Wewe ndiye uliyeikosa kanuni.

Alhamisi ni shauri lingine. Siku hiyo mtungaji anaweza kubana herufi kadhaa ndani ya kisanduku kimoja. Tuseme mlalo, visanduku vitatu: hutakiwa baada ya maswali. Na wima inayoanzia kisanduku hichohicho, vitatu pia: masika, vuli na kiangazi. Unajua kabisa kwamba ni MAJIBU na MAJIRA, kila moja lina herufi sita, na nafasi ni tatu. Mtu wa Jumatatu anafuta yote mawili na kuanza kuwaza maneno ya herufi tatu. Mtu wa Alhamisi anaona kwamba majibu mawili yenye uhakika yamekataa kwenye kisanduku kimoja, na huo ndio ushahidi. MAJI yote yameingia kisanduku kimoja, kisha BU upande huu na RA upande ule. Sehemu nyingine za jedwali kutakuwa na MAJI mengine, MAJIVU, MAJIRANI, na ufunguo pengine NDOO. Kwenye gazeti ziandike herufi nne kwa udogo. Kwenye simu kuna kitufe cha kuingiza zaidi ya herufi moja.

Ujanja mwingine wa Alhamisi ni majibu yanayopinda kona, yanayosomwa kinyumenyume, au yanayotoka nje ya jedwali. Dalili ni ileile siku zote: jibu moja likikataa, umekosea, mawili yenye uhakika yakikataa mahali pamoja, jedwali linakuchezea.

Fumbo lenye majibu mawili

Kila anayeyapenda mafumbo ya mada huishia kwenye la tarehe 5 Novemba 1996, siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani. Lilitungwa na Jeremiah Farrell, na mhariri alikuwa Will Shortz, aliyeshika kazi hiyo mwaka 1993. Katikati ya jedwali, 39 Mlalo ikiungana na 43 Mlalo, kidokezo kilitaka habari kuu ya gazeti la kesho. 43 Mlalo ilikuwa ELECTED, amechaguliwa. 39 Mlalo ilikuwa CLINTON. Au BOBDOLE, yaani Bob Dole, mpinzani wake. Herufi saba kwa saba.

Wima saba zinazopita katika jina hilo kila moja ilikuwa na kidokezo chenye majibu mawili ya haki. Mnyama mweusi wa Halloween: CAT au BAT. Neno la somo la kwanza la Kifaransa: LUI au OUI. Kinachotegemeza, kwa kifupi: IRA, akiba ya uzeeni, au BRA. Kinachonunuliwa duka la mshoni: YARN au YARD. Maandishi mafupi: BITS au BIOS. Kisha BOAST au BLAST, na mwisho vifupisho viwili vyenye ubishi wa kisiasa, NRA, chama cha wenye bunduki, au ERA, pendekezo la katiba kuhusu usawa wa kijinsia. Waliojaza CLINTON baadhi walilalamika kwamba gazeti limejitangazia mshindi kabla kura hazijahesabiwa. Hawakujua kwamba jirani aliyejaza BOBDOLE naye alikuwa sahihi.

Uzuri wa fumbo hilo hauko kwenye siasa. Mashahidi wote wawili wa kila herufi walikubaliana, na bado jibu halikuwa moja. Siku za kawaida mhariri hufanya kazi kubwa kuhakikisha hilo halitokei. Basi ukijikuta kwenye kisanduku chenye herufi mbili zinazowezekana, kuna kitu hujakisoma sawasawa kwenye mojawapo ya vidokezo, na mara nyingi ni wingi, wakati wa kitenzi au ufupisho.

Panapoharibikia

Kuna pahali ambapo kusoma sawasawa hakusaidii: majina mawili usiyoyajua yakikatana. Wamarekani wenyewe wanapaita Natick, kwa jina la mji wa Massachusetts ulio kwenye njia ya mbio za Boston, ambao mwaka 2008 ulikatana na N. C. Wyeth, mchoraji, kwenye herufi ya N. Usiyemjua mchoraji wala mji, huna pa kushika. Hapo kisia kwa mazoea ya majina: baada ya konsonanti jaribu irabu, na kati ya irabu A na E zina nafasi nzuri kuliko U. Kisha endelea na maisha. Kosa hapo si lako.

Kosa lililo lako ni kuipenda mada ya uongo. Unaona FLAT na GINGER, unaamua mada ni vitu vya bapa na vyekundu, halafu unaanza kuzilazimisha wima zikubaliane. Mada ya kweli haihitaji kusukumwa. Ikishapatikana, majibu yanafunguka matatu matatu. Ukiona unasukuma, rudi kwenye kidokezo cha ufunguo.

Uzoefu wa msamiati unachelewa kuliko uzoefu wa mada, lakini unakuja. Kiingereza hakina maneno mafupi mengi yenye irabu nyingi, kwa hiyo watungaji hurudia yaleyale: ALOE, OREO, ERIE, AREA, ETUI, ENO, ONO, ESAU. Yaandike kwenye karatasi moja, baada ya wiki sita utayajua kama nauli ya daladala. ALI yumo karibu kila mara, bondia wa Kinshasa 1974. Afrika Mashariki tumo pia, tena sana kuliko tunavyojua: IDI wa Uganda, ARAP wa katikati ya Daniel na Moi, IMAN mwanamitindo Msomali. Na mbuga nzima: GNU ni nyumbu, ELAND ni pofu, ORYX ni choroa, KUDU ni tandala, na TSETSE hahitaji tafsiri. Ukikuta SIMBA, UHURU, BWANA au JENGA, mchezo wa vipande vya mbao uliopewa jina kutokana na kitenzi chetu, umewazidi mbio wenye lugha yao. KWANZAA, sikukuu ya Wamarekani weusi yenye herufi saba, huwaangusha Waswahili peke yao. Sisi hatuna hiyo A ya pili mwishoni.

Kwenye karatasi ya gazeti tumia penseli laini na mkono mwepesi. Karatasi hiyo huchanika ukifuta mara ya tatu, na kisanduku kilichotoboka hakisomeki tena.

Kwa Kiswahili je?

Mtungaji wa Kiingereza hulilia irabu. Wa Kiswahili angelilia konsonanti, tena kwa uchungu. Maneno yetu huishia na irabu. Kwenye jedwali la Kimarekani kila herufi ya safu ya mwisho kulia ni mwisho wa jibu fulani la mlalo, maana yake safu yote ingekuwa irabu tupu kutoka juu hadi chini. Maneno ya wima ya safu hiyo yangekuwa AOE, AUE, UOE, na baada ya hapo umeishiwa. Mstari wa chini kabisa una shida ileile, na kila kisanduku kilicho kushoto kwa cheusi pia. Ungeokolewa na OMAN, CCM na TBC, lakini jedwali la vifupisho si fumbo, ni ubao wa matangazo. Kwa hiyo fumbo la Kiswahili la herufi linahitaji visanduku vyeusi vingi na herufi nyingi zisizokatwa, na hapo yule shahidi wa pili anapotea.

Mada hazikosekani. Lugha yetu imejaa maneno ya maana mbili ambayo Kiingereza kingeyaonea wivu. Hebu vidokezo viwe hivi: hukaliwa wakati wa kukuna nazi, hugemwa mnazini, huvaliwa jozi na hubeba ujumbe, hufungwa shingoni ofisini, makao yake ni Vatikani. MBUZI, TEMBO, KANGA, TAI, PAPA. Hakuna kidokezo kilichotaja mnyama, na ufunguo wa mwisho kulia ungekuwa WANYAMA. Kidokezo cha mbuzi ndicho kigumu kukitunga, kwa sababu ukitaja nazi mapema mada inavuja.

Kwa maoni yangu dawa ya tatizo la irabu ni silabi. Wajapani hujaza mafumbo yao kwa alama za silabi, kisanduku kimoja silabi moja, na Kiswahili kimeumbwa kwa namna hiyohiyo. Kitabu kinachukua visanduku vitatu, KI, TA, BU. Irabu haziwi tatizo tena kwa sababu mara nyingi hazisimami peke yake, NG' inapata kisanduku chake bila ugomvi wa alama ya ritifaa, na kila silabi inaweza kukatwa na jibu la pili. Ugumu unahamia kwenye vitenzi: je, NIKAMWAMBIA ni jibu halali? Ningekataa, na kuruhusu shina la amri tu, kama lilivyo kwenye kamusi.

Jedwali dogo kabisa la namna hiyo lina visanduku vinne, mbili kwa mbili, hakuna cheusi, na kila silabi ina mashahidi wake wawili:

1 Mlalo: Akiondoka, panya hutawala.
3 Mlalo: Nazi iliyokauka, hukamuliwa mafuta.
1 Wima: Zao la Shinyanga na Simiyu.
2 Wima: Fanya kazi ya shoka.